Swichi ya Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bisibisi, kitambaa cha kufutia vumbi na onyo moja. Bisibisi ilikuwa ya kufungulia kompyuta za wateja. Kitambaa kilikuwa na kazi kubwa kuliko bisibisi, maana mchanga wa Dubai huingia hata palipofungwa, na kompyuta nyingi tulizoletewa zikisemwa zimekufa zilikuwa zimezibwa na vumbi tu. Onyo lilitoka kwa Meneja wa Ufundi. "Usimwambie mteja kwamba tatizo lake ni dogo," aliniambia. "Ukimwambia ni dogo, atakuuliza kwa nini umekaa nalo toka asubuhi."

Ofisi yetu ilikuwa Bur Dubai, ghorofa ya pili, juu ya maduka ya vitambaa. Nilikuwa mwanamke pekee katika chumba cha ufundi, na wiki ile ya kwanza muuzaji wa chini alinikimbilia mara mbili na jora la hariri mkononi, akidhani nimekosea ngazi. Mara ya tatu nilimwonyesha bisibisi. Tangu hapo akawa ananiletea redio yake niiangalie.

Meneja wa Ufundi alikuwa Mhindi aliyezaliwa Mombasa. Alivaa shati jeupe la mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni na ya nne nyuma ya sikio, na kila siku aliitafuta ile ya nne. Mbele ya watu tulimwita Sir, kama wakubwa wote wa mji huu wanavyoitwa. Tukibaki wawili alinigeuzia Kiswahili cha kwao, akaniita Bibiye, na hapo ndipo nilipojua kama nimefanya vizuri au nimeharibu. Kwa Kiingereza alimsifu kila mtu.

Vijana wanaosoma haya wamezaliwa na kompyuta mkononi, lakini pengine hawajawahi kujiuliza mfumo endeshi ni kitu gani. Ni ile programu inayoamka kabla ya zote unapowasha mashine, ikazipanga nyingine, ikajua kibodi iko wapi na printa iko wapi. Bila yake kompyuta ni kasha la kupashia joto. Sasa, watengenezaji kabla hawajauza mfumo mpya hutoa toleo la majaribio. Ni mfumo ambao haujaiva bado. Wanaupeleka kwa watu wa kazi yetu ili tuuonje na kuwaambia chumvi imezidi wapi. Siku zile ulikuja ndani ya bahasha nene, flopi nyingi, zile diski bapa za plastiki, zenye namba, na kuuweka kwenye mashine kulikuwa kazi ya nusu siku. Ukizibadilisha flopi kwa pupa ukaruka namba, unaanza upya.

Kampuni nyingi ziliujaribu mfumo mpya palepale ofisini, mafundi wakiwa wamekaa kwenye viti vyao na kiyoyozi kinapuliza. Meneja wetu hakukubali. Desturi yake ilikuwa moja, na wengine waliicheka: toleo la majaribio lilikaa siku arobaini nyumbani kwa fundi kabla halijagusa mashine ya mteja yeyote. "Ofisini kompyuta inachukuliwa kama mgeni wa heshima," alisema. "Kila mtu anaizima kwa adabu. Nyumbani itakaa na watu, itamwagiwa chai, itaonwa na shangazi. Huko ndiko inakosema kweli."

Fundi aliyepewa zamu alikabidhiwa mashine, bahasha na daftari la kasoro, na alisomewa masharti matatu. La kwanza, usiweke ndani ya mashine ile kitu utakachokililia kikipotea. La pili, andika kila kasoro siku ileile kwa mkono wako. La tatu alilisema polepole: "Usichague. Andika hata linalokuaibisha."

Zamu yangu ya kwanza ilinifika baada ya miaka miwili. Wakati huo tulikuwa tunaishi nyuma ya soko la Al Ras, mimi na Mama, katika vyumba viwili alivyotuachia marehemu Baba. Nilivuka hori kwa abra, zile mashua za kuvushia watu, nikiwa nimeikumbatia skrini mapajani. Ng'ambo nilimkodi mchukuzi mwenye mkokoteni, akanipakilia mashine yangu juu ya magunia yake ya iliki. Kompyuta ile iliingia nyumbani inanuka iliki, na ilinuka iliki mpaka siku niliyoirudisha.

Mama alinitazama nikiifunga nyaya. Alitoka Unguja akiwa bi harusi mchanga, akakaa Dubai umri wake wote, na Kiunguja chake hakikupata hata mkwaruzo.

"Huyu mgeni wako anakula nini?" aliniuliza.

"Umeme, Mama."

"Na huo mngurumo?"

"Feni yake ya ndani. Inajipoza."

"Basi mlafi na ana kelele," alisema, akaenda kutafuta kitambaa cha kumfunika. Alimtia kile cha kufuma alichokuwa akiifunikia televisheni siku za wageni.

Lakini alipoketi mbele yake alimpenda. Mama ndiye aliyekuwa akishika orodha ya waalikwa kwa harusi zote za watu wetu, kwa kuwa ndiye aliyekumbuka nani ni binamu wa nani, na nani akikosa kadi atanuna mpaka mjukuu aolewe. Wakati ule binti wa mdogo wake alikuwa anakaribia kuolewa. Nikamfundisha kuchapa. Alichapa kwa kidole kimoja, cha shahada, na kila herufi aliiita kwa jina kabla ya kuibonyeza. Nilikuwa nikiingia jioni namkuta kashikilia hapohapo, miwani imeshuka, anazungumza na kibodi. Nikikumbuka miaka yangu yote kazini, hakuna mtumiaji niliyemfurahia zaidi.

Sasa nieleze kilichotokea. Nyumbani kwetu adhana ikilia kila kitu kilinyamaza. Ilikuwa desturi ya bibi yangu huko Unguja na Mama alihama nayo. Redio ilizimwa, televisheni ilizimwa, hata feni ikiwa inapiga kelele ilizimwa, na vyote vilizimwa palepale ukutani, kwenye swichi. Kompyuta ilikuwa na mngurumo, basi nayo ikaingia katika sheria. Adhana ikisikika kutoka msikiti wa nyuma, Mama aliinuka, tap, akazima swichi ya ukutani, akamfunika mgeni kitambaa, akaenda kutawadha.

Siku ya nne orodha ya waalikwa haikufunguka. Siku ya sita ilifunguka ikiwa na nusu ya majina, na nusu nyingine alama za ajabu. Siku ya nane mashine nzima iligoma kuamka na nikalazimika kuuweka mfumo upya, flopi moja baada ya moja.

Niliijua sababu mara moja. Mfumo wa zamani ulipoambiwa uhifadhi kitu ulikipeleka moja kwa moja kwenye diski, kikakaa. Huu mpya, kwa kutaka sifa ya wepesi, ulikiweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, mahali panaposahau kila kitu umeme ukikatika, halafu ukakipeleka diskini baadaye ukijisikia. Mtu anayeizima mashine kwa utaratibu hataona tofauti yoyote. Kwa Mama, mara tano kwa siku, ilikuwa balaa.

Hapo ndipo nilipokosea. Sikuona kwamba ni kasoro ya mfumo. Niliona ni kosa la Mama. Kitabu cha maelekezo kilisema kompyuta izimwe namna gani, na yeye hakuizima hivyo, basi. Nikamwambia kwa ukali ambao mpaka leo nausikia masikioni: "Mama, umeiharibu. Hiyo si redio. Umepoteza mwenyewe kazi yako."

Aliinuka mbele ya mashine. Alichukua karatasi na kalamu, akaanza kuyaandika majina upya, kwa kumbukumbu yake ambayo haikuwa ya muda.

Mimi nilichukua utepe wa kunasia, nikaibandika swichi ile ya ukutani isizimike tena. Mama aliuheshimu utepe wangu. Siku zote zilizobaki za arobaini alisali na mngurumo ule nyuma yake, na kibodi hakuigusa tena.

Na daftarini sikuandika kitu. Kila Jumamosi asubuhi madaftari ya kasoro yalisomwa kwa sauti mbele ya mafundi wote, na mafundi wenzangu walikuwa wanaume wenye vicheko vikubwa. Nilijiona nimesimama pale nikisoma kwamba mama yangu anazima kompyuta kwa swichi ya ukutani. Nikasema ya nyumbani yabaki nyumbani. Ukurasa wa mwisho niliandika: "Hakuna kasoro kubwa. Unafaa kwa mteja." Nikatia sahihi yangu.

Mteja huyo alikuwa ghala la makontena kule Jebel Ali. Walikuwa wamenunua skana mpya za kusomea mizigo, na skana zile zilitaka mfumo mpya. Hawakutaka kusubiri utoke rasmi, na Meneja aliwakubalia kwa sababu moja tu, sahihi yangu. Nilipelekwa huko kuuweka kwenye mashine zao na kukaa nao mpaka wauzoee. Ilikuwa ndiyo safari yangu ya kwanza ya kikazi nje ya Bur Dubai, na nilijiona mtu.

Mkubwa wa pale tulimwita Mkuu wa Ghala. Alikuwa Mwarabu wa Shamu, kule Syria, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti iliyowafikia madereva getini bila simu. Alitoa amri zake kwa Kiingereza na Kiarabu kwa pamoja, na kila amri aliimalizia kwa yalla, yaani haya upesi, hata ile ya kukuambia upumzike. Ukutani mwa ofisi alikuwa amebandika masharti ya kufunga ghala, aliyoyaandika mwenyewe kwa mkono, na sharti la mwisho lilisema: kabla ya kufunga, mlinzi azime swichi zote.

Mlinzi wa zamu ya mchana alikuwa Wafula, Mkenya wa Bungoma, kijana wa rika langu. Alivaa kofia ya kazi iliyomzidi kichwa, na alisimama getini kama aliyepigwa msumari. Alinisaidia kubeba mashine siku ya kwanza, na aliponisikia nikijisemea kwa Kiswahili alicheka kwa furaha. "Kumbe madam ni wa nyumbani!" Nikamwambia nyumbani kwangu ni Al Ras. Akasema haidhuru, nyumbani ni nyumbani.

Wiki mbili mambo yalikwenda sawa. Siku zile mapumziko ya wiki yalianza Alhamisi mchana. Alhamisi ya tatu karani mmoja aliharakisha kuliwahi basi, akaacha mashine kuu inawaka, rejesta ya mizigo ya wiki nzima ikiwa wazi. Wafula akapita na masharti yake, chumba kwa chumba, akazima swichi zote za ukutani.

Jumamosi asubuhi rejesta haikufunguka. Malori yalijipanga nje ya geti yakipiga honi, na hakuna aliyeweza kusema kontena lipi ni la nani. Nilipoiwasha mashine nikaziona zile alama za ajabu. Nilikuwa nimeziona alama hizo mezani kwa Mama.

Mkuu wa Ghala alimwita Wafula ofisini. "Nani alikwambia uzime kompyuta?"

"Sir, mimi nilifuata order," Wafula alisema, kofia mkononi. "Imeandikwa pale kwa ukuta. Zima swichi zote."

"Swichi za taa! Za feni!"

"Haijaandikwa taa, sir. Imeandikwa zote."

Nadhani kama asingekuwa na haki asingekasirikiwa vile. Mkuu wa Ghala alipiga meza. "Khalas. Huyu arudi kwao. Leo nampigia simu kafeel, mdhamini wake, viza ifutwe." Kisha akampigia simu Meneja wetu aje aone uharibifu wa mlinzi.

Wafula alitoka akasimama kwenye ukuta wa nje, juani, hali kivuli kilikuwa hatua mbili tu. Nilimfuata. Sikujua nataka kumwambia nini.

"Sista Zuwena," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuacha kuniita madam. "Kwetu nimewaambia niko Dubai nafanya na kompyuta. Mama ametangaza kanisa mzima. Sasa nirudi niseme kompyuta ndio imenifukuza?"

Alijaribu kucheka. Mimi sikuweza.

Meneja wa Ufundi alifika na daftari langu kwapani. Alikaa mbele ya mashine, akatazama, akapekua kurasa zangu moja baada ya moja kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akarudi mwanzo akapekua tena. Mkuu wa Ghala alikuwa amesimama mlangoni. Wafula aliitwa aingie, akaambiwa alete kitambulisho chake cha geti.

"Bibiye," Meneja aliniuliza kwa Kiswahili, bila kuinua macho, "umeme uliwahi kukatika nyumbani?"

Ningeweza kusema hapana. Daftari lilikuwa upande wangu, sahihi ilikuwa yangu, na Mama asingekuja Jebel Ali kunikanusha. Wafula alikuwa anahangaika kukifungua kipini cha kitambulisho kwenye shati. Nikamwona anaingia kanisani kwao. Nikamwona na Mama ananyanyuka mbele ya kompyuta kwenda kuchukua kalamu, na niliona aibu ambayo kicheko cha mafundi wote wa Dubai kisingeifikia.

"Ulikatika," nilisema. "Mara tano kwa siku, siku nane. Orodha ikaharibika hivihivi. Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Aliyezima ni Mama. Adhana ikilia huzima kila kitu ukutani. Niliona haya kuandika."

Meneja alilifunga daftari. Akamgeukia Mkuu wa Ghala akazungumza Kiingereza, na safari hii hakumsifu mtu. Alisema mlinzi hana kosa. Alisema kasoro ni ya mfumo, fundi wake aliiona akaificha, na kwa hiyo kosa ni la ofisi yake, na kama kuna wa kufukuzwa pale ni yeye aliyetia muhuri chini ya sahihi yangu.

Mkuu wa Ghala alinigeukia. "Mama yako?" aliuliza.

"Ndiyo, Sir."

"Mama yangu pia huzima friji," alisema kwa kinyongo, kana kwamba nimemlazimisha kutoboa siri. Akakisukuma kitambulisho kumrudishia Wafula. "Yalla, getini."

Sikufukuzwa, lakini sikusamehewa bure. Nilivuliwa kazi ya kuweka mifumo kwa mwaka mzima, nikarudishiwa kitambaa changu cha vumbi. Na kabla ya hapo niliamriwa kuijaza upya rejesta yote kutokana na karatasi za madereva. Tukiwa tunatoka, Meneja aliniambia maneno yaliyonichoma kuliko adhabu: "Mficha uchi hazai, Bibiye. Nilikwambia usichague."

Karatasi zilijaza masanduku matatu. Wafula, bila kutumwa, alikuja kila alipomaliza zamu, akakaa kando yangu ananisomea namba za makontena mimi nachapa. Siku ya pili alinipokea kibodi, tukabadilishana, nikawa nasoma mimi. Alipochapa namba yake ya kwanza na mashine ikaikubali, aliivua kofia akaiweka juu ya meza. "Sasa si uongo tena, sista," alisema. Miaka iliyofuata alipanda akawa karani wa stoo palepale, mpaka aliporudi kwao kwa hiari yake.

Jioni ya siku niliyosema kweli nilirudi nyumbani, nikaenda moja kwa moja ukutani, nikaubandua utepe. Ulikuwa umeshika na ulitoka na rangi. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Mama, lile la kompyuta," nilisema. "Hukuharibu wewe. Ni yenyewe mbovu."

"Mie n'kajua," alisema, macho kwenye sinia. "Feni haifi kwa kuzimwa. Redio haifi. Kitu kimezimwa kwa ajili ya sala kikafa, basi kilikuwa kishakufa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulishabandika utepe. Mtu akishabandika utepe hasikii."

Nilikaa sakafuni karibu yake nikalia, na nikamwomba radhi. Alinisukumia upande wa pili wa sinia nimsaidie kutoa mawe.

Ripoti yetu ilipelekwa kwa watengenezaji, kurasa mbili, jina langu chini. Mfumo ulipotoka rasmi ulikuwa unahifadhi kazi mapema zaidi. Siwezi kudai ni kwa ajili yetu, maana waliolalamika duniani hawakosi kuwa wengi. Mama alidai. Aliwaambia wanawake wote harusini kwamba Wazungu wameandikiwa barua juu yake na wamejirekebisha, na tangu hapo orodha zote za harusi alizichapa, adhana ikilia anazima, anarudi anaikuta kazi yake palepale.

Meneja wa Ufundi naye aliongeza mstari kwenye fomu ya majaribio: zima swichi ya ukutani katikati ya kazi, mara tano kwa siku. Mafundi wakauita jaribio la Mama. Nilihamishwa baadaye kwenda Jebel Ali kwa miaka mingi, nikawa msimamizi, na nilipokuwa na chumba changu cha kufundishia, treni ya metro ikinishusha karibu na kazi, nilikuta vijana waliotoka Manila na Kochi na Kampala wanasema jaribio la Mama bila kujua ni mama wa nani. Sikuwaambia. Nilikuwa nasubiri waseme, nafurahi peke yangu. Wakati huo Meneja alishastaafu na kurudi Mombasa, na Mama alishatangulia mbele ya haki.

Mimi nami nimestaafu. Nimepewa saa ya ukutani, nimepigwa picha, nimerudi kwenye vyumba vyetu nyuma ya soko. Watu huniuliza kama naikosa kazi. Naikosa sana. Naikosa bahasha nene, harufu ya flopi mpya, kicheko cha Jumamosi asubuhi, na kalamu ya nne iliyokuwa ikitafutwa. Siku hizi matoleo ya majaribio hayaji na mtu. Unajiandikisha, yanateremka yenyewe kwenye mtandao, na fundi mwenzako humwoni uso.

Lakini bado ninayajaribu. Kila toleo jipya likitangazwa najiandikisha, na naliweka kwenye kompyuta ya mezani, ya kizamani yenye feni, kwa sababu hizi za mapajani zina betri na ukizima ukutani hazistuki. Pembeni naweka daftari la karatasi. Kitambaa cha Mama ninacho, kimechakaa pembe moja.

Mwezi uliopita nilipata toleo ambalo halijaiva. Nikaanza kuyaandika humo haya mnayoyasoma, nikivunja sharti la kwanza nikiwa na umri huu, maana uzee nao una kiburi chake. Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikainuka, tap, nikafunika kitambaa, nikaenda kusali. Niliporudi kurasa zangu za mwanzo hazikuwapo. Siku yangu ya kwanza kazini, bisibisi na jora la hariri, vyote nimeviandika mara mbili.

Sikukasirika. Niliandika kwenye daftari, kisha nikatuma ripoti kwa watengenezaji, hatua kwa hatua kama nilivyofunzwa. Baada ya siku chache nikajibiwa na mhandisi mmoja, kijana bila shaka, kwa adabu nyingi. Alinishukuru. Alisema wamerudia wakaiona, lakini hali kama ile ni nadra mno na huenda wasiishughulikie kabla ya kutoa mfumo. Akamalizia kwa swali: ni mtumiaji gani, madam, atakayezima umeme ukutani huku kazi inaendelea?

Nikamjibu: mama yangu.

Kisha alasiri ikaadhiniwa, nikainuka nikazima tena.